Alama ya CE kwenye kifaa tiba: kweli na si kweli

Geuza boksi la mabomba ya sindano, mashine ya presha au kipimajoto kilicholetwa kutoka nje, na mara nyingi utaziona herufi mbili: CE. Bila herufi hizo, kifaa tiba cha kawaida hakiruhusiwi kuuzwa katika nchi 27 za Umoja wa Ulaya, wala Norway, Iceland na Liechtenstein. Kwetu Afrika Mashariki nako zina nguvu kubwa. Muuzaji huzitaja kabla ya bei, mzabuni huambatisha “cheti cha CE” kwenye makabrasha yake, na mkuu wa ununuzi hospitalini hupumua akiziona.

Mengi yanayoaminiwa kuhusu herufi hizo hayako sawa, kwa wanaotaka kuuza Ulaya na kwa wanaonunua kutoka huko. Kifaa tiba huingia kwenye mshipa, huwekwa nyongani, hushikilia pumzi ya mtoto mchanga, kwa hiyo kosa la uelewa hapa humwangukia mgonjwa. Nazichukua kauli zinazosikika zaidi, moja baada ya nyingine.

“Umoja wa Ulaya una mamlaka inayoidhinisha vifaa tiba, kama inavyoidhinisha dawa.”

Si kweli, na makosa mengine mengi yanazaliwa hapa.

Dawa nyingi mpya barani Ulaya hupitiwa na Wakala wa Dawa wa Ulaya ulioko Amsterdam, kisha Tume ya Ulaya hutoa leseni. Vifaa tiba haviendi njia hiyo. Hakuna dirisha Brussels ambako unapeleka kifaa chako ukarudi na kibali. Anayebandika CE ni mtengenezaji mwenyewe. Husaini tamko kwamba kifaa chake kimetimiza masharti ya Kanuni ya Ulaya namba 2017/745, sheria iliyopitishwa Aprili 2017 na kuanza kutumika tarehe 26 Mei 2021, baada ya kusogezwa mbele mwaka mmoja kwa sababu ya UVIKO-19. Vipimo vya maabara, kama vya virusi vya UKIMWI, malaria au ujauzito, vina sheria yao, Kanuni 2017/746, iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei 2022.

Nani basi anamkagua mtengenezaji? Inategemea hatari ya kifaa. Sheria ina kanuni 22 za kupanga vifaa katika madaraja manne: I, IIa, IIb na III. Glovu za uchunguzi ziko I, sindano na mashine ya presha IIa, mashine ya kupumulia IIb, vali ya moyo III. Kuanzia IIa kwenda juu, mtengenezaji lazima aingie mkataba na taasisi ya ukaguzi iliyoteuliwa na nchi mwanachama na kutambuliwa na Tume. TÜV SÜD ya Munich ni mojawapo, BSI ya Amsterdam nyingine, GMED ya Paris nyingine. Nyingi ni kampuni, na anayezilipa ni huyo huyo anayekaguliwa. Kila moja ina namba ya tarakimu nne inayochapishwa kando ya CE: 0123 ni TÜV SÜD, 2797 ni BSI ya Uholanzi.

Wakala wa Dawa una nafasi ndogo ya pembeni. Kifaa kikibeba dawa ndani yake, mfano mrija wa mshipa wa moyo uliopakwa dawa, mamlaka ya dawa huombwa maoni. Na tangu Machi 2022 Wakala huo unasimamia majopo ya wataalamu yanayotoa maoni kuhusu baadhi ya vifaa vya hatari zaidi. Hata hapo, cheti hutolewa na taasisi ya ukaguzi.

Kwa hiyo CE ni ahadi ya mtengenezaji yenye saini, na uzito wake unapimwa kwa jibu la swali moja: nani mwingine aliyeikagua ahadi hiyo, na kwa kina gani?

“CE iliyobanana maana yake China Export.”

Si kweli. Tume ya Ulaya iliulizwa jambo hili bungeni ikajibu kwamba haijui alama yoyote ya jina hilo. Alama iliyochorwa vibaya inaweza kuonyesha uzembe au ughushi, lakini mghushi makini huichora sawasawa, kwa kimo cha angalau milimita 5 kinachotakiwa na sheria. Usipoteze muda kupima nafasi kati ya herufi.

“Vifaa vya daraja la I havina masharti.”

Si kweli, na hapa nawaomba wanunuzi wasome polepole.

Kiti cha magurudumu, stetoskopu, bandeji, glovu za uchunguzi zisizo tasa: mtengenezaji wa vitu hivi hahitaji taasisi ya ukaguzi. Lakini lazima awe na jalada kamili la kiufundi, uchambuzi wa hatari, tathmini ya kitabibu, maelekezo kwa lugha inayotakiwa na kila nchi anakouza, na utaratibu wa kufuatilia kifaa baada ya mauzo. Lazima pia awe na mtu mwenye sifa zilizotajwa na sheria anayewajibika kuhakikisha hayo yote yanafanyika. Mkaguzi wa serikali akiomba jalada, lipatikane. Na vipo vifaa vya daraja la I ambavyo taasisi huviangalia kwa sehemu: vilivyo tasa, vyenye kazi ya kupima, na vyombo vya upasuaji vinavyosafishwa na kutumika tena.

Sasa geuza jambo hilo upande wa mnunuzi. Mzabuni akikuletea “cheti cha CE” cha glovu za uchunguzi zisizo tasa, kilichotolewa na kampuni fulani ya ukaguzi, yenye nembo ya dhahabu na muhuri, karatasi hiyo haina nafasi katika sheria ya vifaa tiba. Kinachotakiwa hapo ni tamko la mtengenezaji na jalada lililo nyuma yake. Cheti kisichohitajika kinapaswa kukutia shaka.

Karatasi za aina hiyo zilienea sana mwaka 2020, dunia ilipokuwa inagombea barakoa. Machi mwaka huo Uholanzi iliziondoa barakoa zipatazo 600,000 zilizotoka China ambazo zilikuwa zimeshagawiwa hospitalini. Hazikukaa vizuri usoni na vichujio vyake havikufanya kazi ipasavyo, ingawa zilifika zikiwa na cheti cha ubora. Wengi hawakujua hata sheria ipi inahusika. Barakoa ya upasuaji ni kifaa tiba, lakini ile ya kuchuja hewa ya daraja la FFP2 iko chini ya sheria nyingine, ya vifaa vya kujikinga. Alama ni ile ile ya CE, ila masharti yaliyo nyuma yake ni tofauti.

“Ukiwa na cheti cha ISO 13485, au kibali cha Marekani, Ulaya umeshaingia.”

Si kweli yote mawili. ISO 13485 ni kiwango cha mfumo wa ubora kiwandani. Husaidia mno, na wakaguzi wanakijua vizuri, lakini hakisemi chochote kuhusu usalama wa kifaa fulani mwilini mwa mtu. Kibali cha FDA, mamlaka ya Marekani, nacho hakitambuliwi Ulaya. Data za majaribio yaliyofanyika Marekani unaweza kuzitumia katika jalada lako. Kibali chenyewe hakikusogezi hatua moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa Shirika la Afya Duniani. Kilifi, pwani ya Kenya, kipo kiwanda cha Revital Healthcare ambacho mabomba yake ya sindano yanayojifunga yasitumike mara ya pili yalipita tathmini ya shirika hilo. Tathmini hiyo hufungua mlango wa manunuzi ya Umoja wa Mataifa. Mlango wa Ulaya una ufunguo wake.

“Programu ya simu si kifaa tiba, haigusi mwili.”

Si kweli. Tarehe 7 Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha Snitem cha Ufaransa, ilisema programu inayotumia taarifa za mgonjwa kugundua dawa zinazogongana au dozi iliyozidi ni kifaa tiba, hata kama haigusi mwili wala haifanyi kazi ndani yake.

Kinachoamua ni lengo alilolitaja mtengenezaji. Programu ya kuhesabu hatua za matembezi si kifaa tiba. Programu inayosoma picha ya baka la ngozi na kusema huenda ni saratani ni kifaa tiba. Na lengo hilo halisomwi kwenye jalada tu: lebo, maelekezo na hata tangazo la biashara vinahesabiwa. Sentensi moja ya mtu wa masoko, “inagundua kisukari mapema,” inatosha kuihamisha programu upande wa pili wa sheria. Chini ya sheria ya zamani programu nyingi zilikaa daraja la I. Sasa kanuni ya 11 inapeleka ile inayosaidia uamuzi wa ugonjwa au tiba angalau IIa, na ikiwa kosa lake linaweza kuua, III. Vijana wa Nairobi, Kigali na Dar es Salaam wanaoandika programu za afya na kuota soko la Ulaya waanze na kanuni hiyo kabla hawajaandika msimbo wa kwanza.

Kuna kinyume chake pia. Lenzi za rangi za kubadili macho kwa urembo na sindano za kujaza mikunjo ya uso hazitibu ugonjwa wowote, lakini sheria ya 2017 imeziingiza kwa jina, kwa sababu hatari yake mwilini ni ile ile.

“Ukionyesha kifaa chako kinafanana na kilichopo sokoni, huhitaji kukijaribu kwa wagonjwa.”

Hapo zamani ilikaribia kuwa kweli. Kwa vipandikizi, leo si kweli isipokuwa kwa milango michache.

Mfano mchungu ni nyonga bandia ya chuma kwa chuma iitwayo ASR, ya kampuni ya DePuy. Ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2003. Chembe za chuma zilizosagika kwenye kiungo ziliharibu nyama na mfupa. Rejesta ya viungo bandia ya England na Wales ilipohesabu, wagonjwa 12 hadi 13 kati ya kila 100 walikuwa wamerudi kufanyiwa upasuaji mwingine ndani ya miaka mitano, na Agosti 2010 kampuni ikaiondoa sokoni duniani kote. Watu wapatao 93,000 walikuwa wameshawekewa. Upande mmoja, rejesta ilifanya kazi yake. Upande mwingine, wagonjwa ndio waliokuwa jaribio.

Mwaka 2014 mwandishi wa habari wa Uholanzi, Jet Schouten, alipima mfumo kwa njia nyingine. Alichukua wavu wa plastiki unaofungia machenza sokoni, akauandikia jalada kana kwamba ni wavu wa kupandikizwa kushikilia viungo vya nyonga vya mwanamke, akaupeleka kwa taasisi za ukaguzi. Hakupewa cheti, lakini aliambiwa njia iko wazi. Kazi yake ilichangia kuzaa uchunguzi mkubwa wa waandishi wa nchi nyingi uliochapishwa Novemba 2018.

Sheria ya sasa inataka kipandikizi na kifaa cha daraja la III kifanyiwe utafiti wa kitabibu. Ukitaka kuegemea kifaa cha mshindani wako, lazima uthibitishe mfanano wa kiufundi, wa kibayolojia na wa kitabibu, na uwe na mkataba unaokuruhusu kusoma jalada lake lote, muda wote. Mshindani gani atakupa? Wamesamehewa wenye teknolojia iliyozoeleka kwa miaka mingi, kama nyuzi za kushonea, skrubu na sahani za mifupa, maadamu data zao zinatosha. Mimi naona huu ndio ushindi mkubwa wa sheria hii.

“Cheti kikipatikana, kazi imekwisha.”

Si kweli, na waliolipia funzo hili ni wanawake.

Poly Implant Prothèse, yaani PIP, ilikuwa kampuni ya kusini mwa Ufaransa iliyoanzishwa na Jean-Claude Mas mwaka 1991. Ilitengeneza vipandikizi vya matiti. Cheti ilikuwa nacho, cha kweli, kutoka taasisi ya kweli, TÜV Rheinland. Kwenye makaratasi ilitumia jeli ya silikoni iliyokubaliwa kwa matumizi ya kitabibu. Kwenye mitungi ilitumia, kwa sehemu kubwa, silikoni ya viwandani, ya bei rahisi. Wakaguzi walitoa taarifa kabla ya kufika, na kabla hawajafika ushahidi ulifichwa. Machi 2010 wakaguzi wa serikali ya Ufaransa waliingia kiwandani na kuikuta hiyo silikoni. Kufikia hapo wanawake wapatao 30,000 nchini Ufaransa, na takriban 300,000 duniani, walikuwa wameshawekewa. Desemba 2013 mahakama ya Marseille ilimhukumu Mas kifungo cha miaka minne.

Je, taasisi ya ukaguzi ilipaswa kugundua? TÜV Rheinland ilishikilia kwamba nayo ilidanganywa. Februari 2017 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya mwanamke wa Kijerumani, ilisema sheria ya wakati huo haikuilazimisha taasisi kwa ujumla kuingia bila taarifa wala kupima vifaa, isipokuwa palipo na dalili za kasoro. Hapo ni lazima ichukue hatua. Kisheria unaweza kuielewa hukumu hiyo. Kwa mwanamke aliyepasuliwa mara ya pili kuondoa jeli ya viwandani kifuani, ni jibu baridi mno.

Sheria mpya imeziba tundu hilo. Taasisi lazima ifike kiwandani angalau mara moja kila mwaka, na angalau mara moja kila miaka mitano ifike bila kubisha hodi na ipime sampuli. Mtengenezaji naye analazimika kuendelea kukusanya taarifa za kifaa chake mikononi mwa madaktari. Madhara makubwa yakitokea, ana siku 15 za kutoa taarifa kwa mamlaka. Kama kuna kifo, 10. Kama afya ya umma iko hatarini, 2. Jalada la kipandikizi hutunzwa angalau miaka 15 baada ya kifaa cha mwisho kuingia sokoni.

“Sheria mpya imeviondoa vifaa vizuri sokoni.”

Kweli, kwa sehemu, na sisi tunaoipenda sheria hii tusilikwepe hilo.

Taasisi zote zilitakiwa kuteuliwa upya kwa vigezo vikali. Sheria ilipoanza kutumika Mei 2021 zilizokuwa zimepita zilikuwa kama 20 tu, zikisubiriwa na vyeti vya zamani zaidi ya 20,000. Kufikia Oktoba 2022 watengenezaji walikuwa wamewasilisha maombi zaidi ya 8,000, na vyeti vipya vilivyotolewa havikufika 2,000. Kampuni zikapiga hesabu, zikaacha kutengeneza vifaa vinavyouzwa kidogo. Madaktari wa moyo wa watoto walipaza sauti mapema: puto na katheta ndogo zinazotumika kwa watoto waliozaliwa na kasoro za moyo haziuzwi kwa maelfu, na kifaa kisicho na faida hakina wa kukigharamia ukaguzi. Mtoto hakudhurika kwa kifaa kibovu hapo, alikikosa kizuri.

Machi 2023 Ulaya ililegeza ratiba kwa Kanuni 2023/607. Vifaa vingi vya hatari zaidi vyenye cheti cha zamani vimepewa hadi mwisho wa 2027, na vilivyobaki hadi mwisho wa 2028, kwa sharti kwamba mtengenezaji aliwasilisha ombi kufikia tarehe 26 Mei 2024 na kusaini mkataba na taasisi kufikia tarehe 26 Septemba mwaka huo. Tangu Januari 2025 anayekusudia kuacha kuleta kifaa ambacho kukosekana kwake kutadhuru wagonjwa lazima atoe taarifa miezi sita kabla. Ni hatua njema iliyochelewa.

“Kiwanda kilicho nje ya Ulaya lazima kifungue kampuni huko.”

Si kweli. Lazima kimteue mwakilishi aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, jina na anwani yake zichapishwe kwenye lebo, na mwagizaji naye ajulikane. Mwakilishi si sanduku la barua: kifaa kikimdhuru mtu na mtengenezaji akawa hakutimiza wajibu wake, mwakilishi anaweza kudaiwa fidia pamoja naye. Ukimpata anayekubali kwa bei ya chini bila hata kuomba jalada lako, mkimbie.

Wengine hudhani CE inatosha Uingereza na Uswisi. Great Britain, yaani Uingereza bila Ireland Kaskazini, inaipokea kwa muda. Kwa ratiba iliyowekwa 2023, vifaa vinavyofuata sheria mpya ya Ulaya vina nafasi hadi tarehe 30 Juni 2030, lakini usajili na mwakilishi wa huko vinahitajika. Uswisi inaikubali alama, ila tangu Mei 2021 inataka mwakilishi wake.

“Nikiiona CE, naweza kununua bila kuuliza.”

Si kweli, na CE haiondoi usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) Tanzania wala wa Bodi ya Famasia na Sumu Kenya.

Wewe uliye kwenye kitengo cha ununuzi, kabla hujasaini, omba tamko la mtengenezaji na usome daraja la kifaa. Likiwa juu ya I, omba cheti cha taasisi, kisha fungua orodha ya NANDO ya Tume ya Ulaya uitafute ile namba ya tarakimu nne: je, taasisi hiyo ipo, na imeteuliwa kwa vifaa vya aina hiyo? Linganisha jina la kifaa kwenye cheti na jina kwenye boksi, neno kwa neno. Tarehe ya cheti cha zamani ikiwa imepita, omba barua ya taasisi inayothibitisha kwamba kifaa kimo ndani ya muda wa nyongeza. Haya yote ni kazi ya asubuhi moja, na mtengenezaji mwaminifu anayo tayari mezani. Asiyeweza kukupa, usinunue kwake.